Mlima Uliokuja Kunywa Kahawa

Mlima ulifika Jumamosi asubuhi, Salomine akiwa amepiga magoti jikoni anakwangua mafuta kwenye ngozi ya sili, mnyama wa baharini. Keki mbili zilikuwa tayari mezani, zimefunikwa kwa kitambaa, na birika la kahawa lilikuwa linakaribia kuchemka. Ghafla chumba kikaingia giza. Salomine hakuinua kichwa, kwa sababu ngozi ya sili ukiiacha katikati inakauka vibaya. Alimaliza upande aliokuwa ameuanza, akafuta kisu chake cha mviringo kwenye aproni, ndipo akatazama dirishani. Nyuma ya kanisa, penye uwanja mtupu na matangi mawili ya mafuta ya taa, ulikuwa umesimama mlima mzima, na theluji yake, na mito yake ya barafu, na kilele chake kimeingia mawinguni. Ulibanana kidogo upande wa matangi, lakini ulienea.

"Umechelewa," Salomine aliuambia. "Kama kawaida yako."

Akaongeza kikombe kimoja mezani.

Wifi yake Hansigne, anayekaa nyumba ya pili, aliingia bila kubisha. Kwetu anayepiga hodi ni mgeni au polisi.

"Wifi, mwanao amenikanyagia kamba ya nguo."

"Tangu mdogo haangalii anapoweka miguu."

"Shuka zangu ziko chini yake, wifi. Zile nzuri."

"Nitakupa zangu. Vua viatu, ukae unywe kahawa."

Hansigne akavua viatu, akakaa.

Sasa, ili ieleweke kwa nini mlima uitwe mwana wa mtu, inabidi nimtaje Daktari Krag, ingawa sipendi kulitia jina hilo kinywani. Alikuja kijijini kwetu, mashariki mwa Grinlandi, kiangazi kimoja, ametumwa na Ofisi ya Ramani kutoka kusini. Wazee wawili waliposikia kaja daktari wakampelekea meno yao yaliyooza. Akawaambia yeye ni daktari wa urefu wa milima. Wakarudi nyumbani, na meno yakaendelea kuuma.

Alikuwa amekuja kwa ajili ya mlima ambao sisi tuliuita Wa Nyuma, kwa sababu ulikuwa nyuma. Ulikuwa nyuma ya ghuba, nyuma ya mito miwili ya barafu, nyuma ya vilima ambavyo hata mbwa aliyepotea havifikii. Upande wa kusini ni ukuta mweusi usioshika theluji. Upande wa magharibi kuna bega refu la barafu lenye nyufa, na ukishapita bega hilo ndipo unaanza kupanda kilele chenyewe. Huko juu hakuna kitu. Hakuna sili, hakuna ndege, hakuna hata kinyesi cha mbweha. Mtu wa kwetu hana shughuli huko. Krag alisema hiyo ndiyo sababu hasa ya kwenda, na watu wakamtazama kama anavyotazamwa mtu anayekula sabuni.

Alitaka mtu wa kumbebea chombo chake cha kupimia. Akampata Vittus, mtoto pekee wa Salomine, kijana mwenye nguvu, mpenda sukari, ambaye bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kwa sababu ya kubebea injini ya boti upande mmoja miaka yote. Walipanda wawili. Akashuka mmoja, na chombo kikiwa salama kwenye sanduku lake, hakina hata mkwaruzo.

Krag alieleza mambo yalivyokuwa akiwa mezani kwa Asser, mwenyekiti wa kijiji. Vittus alitumbukia kwenye ufa pale begani. Kamba ikasagwa na ukali wa jiwe mpaka ikaachia. Hapakuwa na la kufanya. Alieleza hayo huku anakunywa supu ya sili, bakuli la pili. Asser akasema ameridhika, na akatia saini kwamba kijiji kizima kimeridhika. Asser ni mtu ambaye akiona mgeni ana mkoba wa ngozi anamvutia kiti, na siku ile Krag alikuwa na mikoba miwili.

Ramani mpya ilipotoka, Wa Nyuma ulikuwa umeandikwa Kilele cha Krag. Mtu mzima, na ndevu zake, yuko hai anatembea, anajipa mlima! Kwetu hata mbwa hapewi jina la mtu aliye hai.

Kwetu jina ni la marehemu, na halitajwi mpaka apewe mtoto mchanga. Akishapewa, mtoto ndiye yeye. Mama wa marehemu anamwita mtoto huyo "mwanangu" hata kama amezaliwa nyumba nyingine kabisa, na mjane anamfumia soksi na kumwuliza kwa nini alimwacha peke yake na boti mbovu. Jina lisilopata mtoto linabaki nje. Na nje kwetu ni baridi.

Mwaka ule mwenye mimba alikuwa mmoja tu, Birthe, binti wa Asser. Salomine alikwenda kuomba.

"Asser, mwanangu yuko nje."

"Pole sana, dada. Lakini huyu tumeshampangia jina la mjomba wa mke wangu."

"Mjomba wa mkeo ameshapewa watoto wanne! Anatambaa kila nyumba hapa kijijini."

"Basi huyu atakuwa wa tano, dada. Alikuwa mtu mwema."

Asser hakuwa na shida na jina. Shida yake ilikuwa macho. Mtoto akiwa Vittus, yeye babu angelazimika kumpakata kila siku, na mtoto angekuwa anamtazama.

Salomine hakubishana naye. Alifunga mbwa kwenye sleji ya kuteleza barafuni, akavuka barafu ya ghuba mpaka kwenye mguu wa Wa Nyuma, akalowesha kidole kwa maji ya chupa aliyoifutika kifuani, akakipaka kwenye jiwe kama anavyopakwa mtoto mdomoni siku ya kupewa jina, akalitaja jina. Aliporudi alimpa katekista taarifa. Katekista akasema jina hupewa kiumbe chenye mdomo.

"Mdomo unao," Salomine akamjibu. "Ulimmeza mwanangu."



Basi watu wakafuata utaratibu. Hansigne, kwa kuwa ni shangazi yake, aliufumia mlima glovu akaenda kuziweka juu ya jiwe. Wawindaji waliopita ghubani waliusalimu, "Vittus, vipi huko juu, upepo?" Nao mlima, kama mtoto yeyote aliyepewa jina, ukaanza tabia za mwenye jina. Mawingu yake ya asubuhi yalikuwa yanachelewa kuondoka. Lile bega la magharibi, ambalo ukiutazama kutoka kijijini liko mkono wa kushoto, likaanza kushuka kidogo kidogo. Kwa hiyo siku yake ya kuzaliwa ilipofika, na mama yake akachemsha kahawa, ulikuja. Aliyeshangaa ni nani? Mtu haachi siku yake ya kuzaliwa.

Siku kama hiyo kwetu mlango haufungwi. Kijiji kizima kinaingia kwa zamu, kinavua viatu, kinakula keki, kinakunywa kahawa, na anayemaliza anampisha anayefuata. Salomine aliweka kikombe cha mwenye siku kwenye kizingiti cha dirisha, vijiko vinne vya sukari. Kahawa ikawa inapungua pole pole. Alijaza mara mbili.

Na kupitia dirisha hilohilo kila mtu aliiona kamba. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa kengele ya kanisa, na hapo kamba ya bluu ilining'inia, imefungwa kwenye pembe ya barafu kwa fundo la kusini, lile ambalo Krag alikuwa akiwafundisha watu wasiomwomba awafundishe. Chini yake palikuwa na ufa. Kwenye bega lote hilo hapakuwa na jiwe hata moja, ni theluji laini na barafu. Watu wa kwetu wamelelewa na kamba, za mbwa, za boti, za kuvutia nyangumi. Kamba iliyosagwa inachanuka kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Hii mwisho wake ulikuwa sawa kama mkate uliokatwa.

"Kisu," akasema Hansigne.

"Kisu," akasema katekista, anatafuna.

"Tena kikali," akasema Asser, kabla hajakumbuka kwamba yeye ni Asser. Kisha akasema, "Nipitishieni sukari."

Salomine akampitishia sukari. Akasubiri mpaka akoroge.

"Wiki ijayo Krag anakuja kubandika kibao cha jina lake mlimani," alisema. "Sitaki afungwe. Sitaki anipe kitu. Nataka aseme mbele ya mwanangu kwamba alikata. Mwanangu alining'inia pale hajui kilichomwangusha. Aambiwe. Akiambiwa, ataenda kupumzika. Na Krag akikataa, nyinyi mseme hivyohivyo mlivyosema hapa."

Watu wakatazama vikombe vyao. Keki ilikuwa nzuri sana, wakasema. Ina zabibu.

Jioni wageni wote walikuwa wamepishana viti wakaenda zao, isipokuwa mlima. Ulibaki nyuma ya kanisa, na kesho yake pia, na keshokutwa. Nusu ya kijiji ikawa haina jua. Hansigne alianza kuanika nguo kwenye mguu wa mlima, kwa kuwa yeye ni shangazi na ana haki hiyo.

Krag alikuja kwa helikopta, na kibao cha shaba kimefungwa kwenye blanketi. Kwanza alimwamuru rubani ampeleke pale ramani inapoonyesha. Walikuta uwanda wa theluji, safi kama meza iliyofutwa, wakauzunguka mpaka mafuta yakakaribia kuisha. Walipotua kijijini mlima ulikuwa mbele yao. Krag alishuka, akafunga chombo chake kwenye ngazi za kanisa, akapima, akaandika, akatabasamu.

"Urefu ni uleule," alisema.

"Na mahali je?" Hansigne akamwuliza.

"Mahali pake pako kwenye ramani, mama."

Salomine alimwendea na kikombe cha kahawa mkononi. Watu walikuwa wamekusanyika wote, hata wale wazee wa meno.

"Daktari, kamba yako ile pale."

Krag akainua macho. Kila mtu alimwona akiitazama, na kila mtu aliona masikio yake yanavyoiva.

"Mawe ya huku yana ukali wa ajabu," alisema.

"Jiwe lipi? Hebu nionyeshe."

"Mwanga si mzuri, mama."

"Mwanga wautakia nini, ulikuwepo! Wewe ulikuwa juu, yeye chini, kamba moja. Labda ungekufa na wewe, sijui, mimi sikuwepo. Sema tu ulikata. Anakusikia."

"Nasikitika sana kwa msiba wako."

"Sikukuuliza masikitiko."

Akawageukia watu. "Haya. Jumamosi mlikuwa na midomo."

Hansigne alishikwa na kikohozi. Katekista aliona ndege. Krag alikuwa ameshamwahidi Asser kwamba wapanda milima watakuja, makundi kwa makundi, na watahitaji wabeba mizigo na mahali pa kulala, na Asser alikuwa ameshamwahidi kila mtu. Mzee mmoja wa meno alifungua mdomo, akaufunga tena, ukamwuma.

"Dada Salomine," akasema Asser kwa sauti ile ya msibani, "mgeni amechoka. Na kahawa yake inapoa."

Salomine akampa Krag kahawa, kwa sababu kahawa hanyimwi mtu.

Sherehe ilipangwa baada ya chakula. Vijana wawili walitoboa mguu wa mlima kwa mashine na kukaza kibao kwa skrubu nene. Mlima ulikaa kimya. Vittus naye hakuwa mtu wa kulia kwenye sindano. Kisha Krag akasema ile kamba inaharibu picha. Asser akaleta ngazi, akapanda hadi begani, akafungua lile fundo la kusini, akashuka na kamba begani kwake anatabasamu. Na kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma na kitambaa kilichofunika kibao kilikuwa kinapeperuka, na kwa kuwa Asser hapotezi kitu, alikifunga kitambaa kwa kamba hiyohiyo. Aliizungusha, akaikaza, akaacha mwisho wake unaning'inia, ule ulio sawa kama mkate.

Krag alihutubia. Alisema juu ya ukimya wa kilele, na uhodari wa binadamu, na usiku aliolala peke yake juu ya dunia. Alimshukuru msaidizi mmoja wa hapo kijijini, hakumtaja jina. Watu walikuwa wanapigapiga miguu kwa baridi. Alipomaliza akainama kufungua kamba. Fundo la Asser lilikuwa limeganda. Akalivuta, akalipuliza, akalivuta tena.

Hapo akatoa kisu.

Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa pembe, nacho kilimjia mkononi bila kutafutwa. Aliikamata kamba kwa mkono wa kushoto, akaivuta ikakaza, akageuza uso pembeni, mbali, kama mtu asiyetaka kuona kitu kilicho chini yake. Akakata mara moja tu. Kamba ikaanguka kwenye theluji, na miisho miwili, ule wa zamani na ule wa sasa hivi, ikalala pamoja. Ilikuwa mapacha. Kipofu angeipapasa akakwambia.

Watu wote waliitazama. Walitazama kamba, wakatazama ule uso uliogeuzwa, wakatazama kamba tena. Mbwa ndio waliokuwa wanapiga kelele. Krag alibaki na kisu mkononi, na ukimwangalia ulijua kwamba anajua kwamba tunajua. Mtu mmoja angesema neno moja pale, mambo yangekuwa mengine.

Asser akapiga makofi.

Katekista akafuata, kisha Hansigne, kisha kijiji chote kikapiga makofi, kwa glovu, kwa hiyo sauti yake ilikuwa kama ya watu wanaokung'uta mazulia. Kibao kiling'aa vizuri. KILELE CHA KRAG, kiliandikwa, kwenye kidole cha mguu cha mtoto wa Salomine.

Salomine hakupiga makofi. Aliinama akaokota vile vipande viwili vya kamba, akavionyesha juu.

"Umeona, mwanangu?" aliuliza.

Kipande cha theluji kikaporomoka kutoka begani, kidogo tu, kikamwingia Krag kwenye kola. Krag akasema hali ya hewa inageuka, akaomba helikopta iwashwe. Kabla ya kupanda alirudisha kikombe. Alisema kahawa ilikuwa nzuri ila ilihitaji sukari.

Tangu siku hiyo mlima uko palepale. Wapanda milima hawajaja, kwa sababu wanakwenda pale ramani inapoonyesha, na hakuna cha kupanda. Birthe alijifungua mtoto wa kiume, ndiye mjomba wa tano, na analia akigeuzwa upande wa kanisa. Nyumba ya Asser, iliyo chini kabisa ya bega, haijaona jua tangu wakati ule. Ukuta umeota kuvu na mkewe amehamia kwa dada yake. Asser alilalamika Ofisi ya Ramani. Wakamjibu kwa heshima kwamba wameangalia, na kwa mujibu wa ramani hakuna mlima karibu na nyumba yake, kwa hiyo ana jua. Alitusomea jibu hilo saa sita mchana, kwa taa.

Polisi nao, ambao Salomine aliwaandikia baada ya Krag kukataa kusema, walimjibu. Kwa mujibu wa taarifa, ilikuwa jiwe.

Amevitundika vile vipande vya kamba ukutani, juu ya meza, na watu wanavitazama vizuri wakija. Maana wanakuja. Kila Jumamosi anachemsha kahawa, anaweka kikombe cha vijiko vinne dirishani, na kijiji kinaingia kwa zamu na kuvua viatu. Wakishakaa, wanaanza.

"Kisu kile," anasema Hansigne.

"Kisu kabisa," anasema katekista. "Yule mtu ni muuaji."

"Hana hata haya," anasema Asser, ambaye siku hizi anakuja mapema kwa sababu jikoni kwa Salomine kuna joto.

"Haya," anasema Salomine. "Mlango huo hapo. Yeye yuko hapo nje, ameona lakini hajaambiwa. Atoke mmoja wenu amwambie, na kesho aende akawaambie polisi, maana mimi ni mama tu, siaminiki. Mmoja tu, apate kwenda kupumzika."

Nje mlima unasubiri, bega la kushoto limeshuka. Kikombe cha dirishani kimebaki nusu.

"Nipitishieni sukari," anasema Asser.

Salomine anampitishia.